Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shughuli, Ada na Njia ya Mteremko

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vimefanyika kama katiba inavyotaka, Siku ya Watu wenye Ulemavu ya tarehe 3 Desemba tumeiadhimisha, semina ya mafundi imefanyika, wagonjwa na wafiwa wetu tumewafikia. Hayo mnayajua.

Ninalotaka kulieleza kwa urefu ni uamuzi wa kamati wa kuvunja njia ya mteremko ya mlango wa ofisi na kuijenga upya kwa fedha ya akiba iliyotengwa kwa viti na vipaza sauti. Maneno yamekuwa mengi kwamba tumebomoa kitu kipya. Jibu letu ni vipimo. Ngazi za mlangoni ni 3, kila moja sentimita 15, kwa hiyo kimo ni sentimita 45. Njia ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 2 tu. Mwenye kiti mwendo hawezi kuupanda mteremko mkali hivyo peke yake, na akisukumwa kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Kipimo kinachotumika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo idai sentimita 12 za urefu, hivyo kimo chetu kinadai mita 5.4, pamoja na mita 1.5 ya sehemu bapa juu na chini. Kutoka barazani hadi mtaroni kuna mita 5. Ndiyo maana njia ilibidi ikate kona: mita 2.7, kituo bapa cha mita 1.5 kwa 1.5, kisha mita 2.7 nyingine sambamba na mtaro. Sehemu ile ndiyo iliyokuwa maegesho ya pikipiki, na wenye pikipiki wamenilaumu sana. Pikipiki inaweza kuegeshwa upande wa pili wa jengo, mlango hauhamishiki.

Upana ni mita 1.2. Kifusi kilishindiliwa tabaka kwa tabaka, juu yake zege la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na saruji yote iliyotumika ni mifuko 14. Vigae tulivikataa, kwa kuwa vikilowa mvua magongo huteleza. Badala yake zege bichi lilipigwa ufagio kwa kukata upana, ili liwe na mikwaruzo isiyoteleza. Kingo zimeinuliwa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke nje ya njia. Bomba la kushikia liko sentimita 90 juu, pande zote mbili, na linaendelea sentimita 30 baada ya mteremko kuisha ili asiyeona ajue kwa mkono kwamba amefika chini.

Mafundi wengi huanzia kwenye nafasi iliyopo badala ya kimo, kisha wanakadiria kwa macho. Upimaji wa safari hii niliusimamia mwenyewe. Anayetaka kuhakiki achukue pima maji ya mita 1.2, ailaze kwenye mteremko, ainue ncha ya chini hadi kiputo kikae katikati, apime nafasi iliyobaki chini ya ncha hiyo. Isizidi sentimita 10.

Kuna aliyesema mwenye kiti angebebwa tu. Siwezi kulikubali neno hilo. Mtu hapaswi kubebwa kama mzigo ili aingie kwenye ofisi ya chama chake, na nchi yetu, Tanzania, ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Fedha: akiba ilikuwa shilingi 1,400,000, ujenzi umekula 1,150,000. Ada imeingia 276,000. Wanachama tuko 64, waliolipa ni 23. Mkutano mkuu uliopita akidi haikutimia, na waliokosekana ndio wanaolalamika kwamba hawakushirikishwa! Inaumiza.

Wapo waliosema hawakulipa kwa sababu fomu ya kwenye simu haikusomeka. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, nayo imekwisha. Vitufe vilikuwa picha zisizo na jina, TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android kinachomsomea asiyeona, ikawa inatamka "kitufe, kitufe" tu; sasa kila kimoja kina jina lake. Maandishi ya kijivu yamewekwa rangi nzito kufikia uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya mwangaza wa maandishi na wa mandhari yake. Namba ya uthibitisho ilikuwa inakwisha muda kabla msikilizaji hajamaliza kusomewa, tumeongeza muda. Fumbo la kutambua picha tumeliondoa. Matangazo nayo hayatatumwa tena kama picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, bali maandishi, maana kisoma skrini hakisomi picha ya aina hiyo vizuri.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuendelea na mafunzo na kuzungumza na wenye majengo mengine. Choo bado. Mlango wake unafungukia ndani, na mtu akianguka humo mwili wake unauzuia. Tukipata fedha tutaugeuza ufungukie nje na kuweka vyuma vya kushikia. Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka, na mweka hazina anapokea hata kwa awamu.

Mwenyekiti