Dada, vile vidonge nilivyotuma msimpe mama kwanza

Shikamoo dada,

Nimeamua nikuandikie maana kwenye simu tukianza tu kuongea mama anakuwa hapo pembeni ametega sikio, na hili nataka ulisikie wewe kwanza. Ni kuhusu yale makopo ya vitamini na mitishamba niliyotuma. Naomba uyatoe yote hapo kwenye kimeza cha kitandani kwake, uyatie kwenye mfuko mmoja, na asimeze hata kidonge kimoja mpaka daktari wake ayaone. Yote dada, hata yale ya nywele. Dawa za hospitali usiziguse, hizo aendelee nazo vilevile alivyoandikiwa, mi nazungumzia vya kwangu tu.

Najua utasema si wewe mwenyewe ulisema ni vitamini tu havina neno. Ndiyo nilisema, na nilisema bila kujua chochote. Si unajua tena ukiwa mbali, mama anaumwa, hela ya tiketi huna, basi mkono unatafuta cha kufanya, mi nikaingia dukani nikawa naokota kila kopo lililoandikwa kinga, nguvu, sijui kusafisha mwili. Nikafunga boksi nikajiona mtoto mwema.

Sasa Jumamosi nilirudi kuongeza lile moja ulilosema linakaribia kuisha. Mfamasia, mama mtu mzima hivi, akaniuliza ya nani haya, nikamjibu kwa fahari kabisa ya mama yangu, yuko kwenye kemo, zile dripu za dawa ya kansa. Akaliweka kopo chini. Akaniuliza anatundikiwa dawa gani. Sikujua. Yaani dada mimi najua mpaka namba ya kiatu cha mama lakini jina la dawa inayoingia kwenye mshipa wake silijui. Ndo maana usiku ule nikakusumbua unipigie picha ile karatasi ya hospitali yenye dawa zake, kesho yake nikaenda nayo dukani, tukakaa na yule mama karibu nusu saa anapitia lebo moja baada ya nyingine na kila akimaliza moja mi naona aibu zaidi.

Nianze na lile kopo jeupe kubwa, la ganzi. Unakumbuka ulinitumia ile sauti ukasema vidole vya mama vimekufa ganzi, anashindwa kufunga vifungo vya blauzi mpaka umfungie, mimi nikatafuta usiku huohuo nikaona asetili-L-kanitini inasifiwa kwamba inatibu mishipa ya fahamu. Kumbe ilishapimwa, tena kwa wanawake wa hali inayofanana na ya mama. Wanawake 409 wenye kansa ya matiti, wanaotumia dawa za kundi lilelile la paklitakseli anayotundikiwa yeye, nusu wakapewa kitu chenyewe gramu 3 kwa siku, nusu wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa, kwa wiki 24. Walitegemea itazuia ganzi. Wiki ya 12 hakukuwa na tofauti, wiki ya 24 waliomeza kitu chenyewe ndo walikuwa na ganzi zaidi, na walipofuatiliwa mpaka miaka miwili bado tofauti ilikuwepo. Majibu yalitoka 2013. Mimi nimelinunua juzi hapa dada, na duka lingine lililo jirani na ninapokaa wanaliuza bado, kwenye kopo hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo. Hilo ndo limeniuma kuliko yote, maana ganzi yenyewe ndo alikuwa analalamikia, na mi nikasema meza mama usisahau.

Kwahiyo kuhusu ganzi mwambieni daktari moja kwa moja, msiseme ni mambo ya kawaida ya kemo. Wanaweza kupunguza dozi au kuchelewesha dripu inayofuata, ila mpaka wajue imefikia wapi. Mwambie hilo la vifungo, lieleze vilevile ulivyonieleza mimi, daktari anaelewa zaidi ukimwambia hawezi kufunga kifungo kuliko ukisema ana ganzi kidogo.

La pili ni lile la usingizi na kuchangamsha roho, lenye ua la njano kwenye picha. Geuza nyuma, utaona Hypericum perforatum, ndo jina la mmea wenyewe. Mfamasia alipofika hapo akavua miwani. Iko hivi, ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa ili zitoke mwilini, kimojawapo kinaitwa CYP3A4 na kinashughulikia karibu nusu ya dawa zote tunazotumia binadamu. Huo mmea unaliamsha ini litengeneze kimeng'enya hicho kwa wingi, matokeo yake dawa inavunjwa haraka kabla haijamaliza kazi. Kuna uchunguzi mdogo wa Uholanzi wa 2002, wagonjwa watano tu, walikuwa kwenye irinotekani, dawa nyingine ya kansa, walipotumia mmea huo kile kiini kinachoua kansa kikashuka kwenye damu kwa asilimia 42. Yaani mtu anatundikiwa dripu, anatapika, nywele zinatoka, halafu karibu nusu ya nguvu ya dawa imeliwa na kidonge cha usingizi. Na ubaya wake hakuna dalili yoyote, mgonjwa anaweza hata kujisikia afadhali.

Hili hata akiacha leo ini halirudi leo, inachukua kama wiki mbili kutulia. Ndo maana daktari lazima ajue alianza lini na alimeza vingapi kwa siku, siyo mfiche tu kopo mkae kimya mkidhani yameisha. Na hata kusema hapati usingizi au ana huzuni ni haki yake pia, amwambie daktari, zipo dawa za hayo ambazo hazigombani na dripu.

Kinyume chake pia kipo. Balungi linafunga kimeng'enya hichohicho kwenye utumbo, kwahiyo baadhi ya dawa za kumeza zinapanda kwenye damu kupita kiasi kana kwamba umezidisha dozi. Mama dawa yake ni ya mshipa kwa sasa ila baadaye akipewa vidonge ulizeni.

Yale mawili ya vitamini C na E ya dozi kubwa, haya najua shangazi atayatetea. Hoja ni kwamba mionzi na baadhi ya kemo zinaua seli za kansa kwa kuzichoma na kemikali fulani kali zinazozalishwa mle ndani, na hivi vidonge kazi yake ni kuzizima hizo kemikali, sasa havichagui seli ipi ni ya mama na ipi ya kansa. Marekani walifuatilia wanawake 1,134 wa kansa ya matiti, majibu yakatoka 2020, waliokuwa wanatumia vidonge vya namna hiyo kabla ya kemo na wakati wa kemo kansa iliwarudia kwa asilimia 41 zaidi ya wasiotumia. Lakini nisikutishe kwa uongo, waliotumia walikuwa wachache na hiyo namba haijakaza sawasawa, inaweza kuwa ni bahati tu. Namba iliyokaza zaidi ilikuwa ya vitamini B12, waliotumia hiyo kansa iliwarudia zaidi, na hiyo hata mimi ningekuapia haina shida. Na multivitamini ya kawaida haikuonekana kuwa na ubaya. Kwahiyo wasiwasi wangu uko kwenye yale madozi makubwa, kopo moja nimesoma lina vitamini E mara 20 na kitu ya mahitaji ya siku, sasa mtu wa kilo za mama anahitaji yote hayo ya nini.

Halafu mama ana upasuaji baada ya dripu kuisha. Vitamini E nyingi, mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, mmea wa ginko, manjano ya kwenye kapsuli, vyote vinaweza kufanya damu ichelewe kuganda. Huwa wanataka uwe umeacha angalau wiki mbili kabla ya kisu. Manjano ya kwenye chakula hayana neno, siyo hayo. Kapsuli imekamuliwa na kukolezwa, nyingine zimeongezwa pilipili manga ili zipenye vizuri kwenye damu, na wapo watu ini limewavimba kwa hizo. Ini la mama saivi lina kazi ya kutosha.

Za nywele ni bayotini. Nywele za kemo zinatoka kwa sababu ya kemo, zitarudi zenyewe ikiisha, bayotini hata haisaidii hapo. Ila inavuruga vipimo vya damu, kipimo cha moyo na cha tezi ya shingo vinaweza kusoma uongo, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo 2017. Inatosha, weka mfukoni.

Zile za tumbo zenye bakteria wazuri ndo nilikuwa na uhakika nazo. Lakini baada ya dripu, kama siku ya 7 mpaka ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu zinashuka sana, mwili unakuwa hauna askari, na kidonge kile ni bakteria hai. Kwa mtu mzima wa afya wanakaa tumboni, kwa mtu asiye na askari wanaweza wakavuka wakaingia kwenye damu. Haitokei mara nyingi ila ikitokea ni balaa. Na hapohapo nikukumbushe, homa ikifika nyuzi 38 siku yoyote ya kipindi hiki cha dripu usimpe kwanza panadol usubiri asubuhi, muwahisheni hospitali usiku huohuo.

Sasa shangazi. Nimesikia anasema hivyo ni vya asili, vya asili havidhuru. Mwambie taratibu kwamba hiyo paklitakseli yenyewe ilitoka kwenye gome la mti, magome yalikusanywa Marekani 1962, mpaka 1971 ndo wakaweza kuandika imeundwaje. Na kuna dawa nyingine, ya kansa ya damu, inaitwa vinkristini, inatoka kwenye kale kaua ka Madagaska ambako watu wanapanda kama pambo. Mmea unaoweza kuua kansa unaweza kumdhuru mtu pia, tofauti ni kwamba ya hospitali imepimwa kwa miligramu kulingana na urefu na uzito wa mama, na kabla ya kila dripu wanaangalia damu yake kwanza. Haya makopo yangu nani kayapima? Hata huko Marekani tangu sheria ya 1994 mtengenezaji anaweka sokoni bila kuonyesha kwanza serikalini kwamba vinafanya kazi. Na akianza habari za vitamini B17 ya kokwa za aprikoti, hapo dada usiwe na heshima ya kukaa kimya. Hiyo siyo vitamini, ikiingia tumboni inatoa sianidi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 178 majibu yakatoka 1982, kansa haikupungua na baadhi yao wakaonyesha dalili za sumu.

Lakini msifike mahali mkaogopa kila kidonge. Asidi foliki kwa mfano, kuna dawa ya kansa ya mapafu inaitwa pemetreksedi, mgonjwa ANALAZIMIKA kumeza asidi foliki na kuchomwa B12 la sivyo dawa itamuumiza, halafu hiyohiyo asidi foliki ukimpa mtu aliye kwenye kapesitabini, dawa nyingine ya kansa, inaweza kumzidishia madhara, kuharisha na vidonda vya mdomo. Kidonge kilekile, wagonjwa wawili. Kwahiyo daktari akisema mama apewe vitamini D na kalsiamu za mifupa, ampe, asije akakataa eti mdogo wako kasema vitamini ni mbaya. Na tangawizi kwa kichefuchefu ina utafiti mzuri tu wa 2012, wagonjwa 576, nusu gramu mpaka gramu moja ilisaidia juu ya dawa za kawaida za kutapika. Hiyo ulizeni, sababu ya upasuaji na damu.

Kliniki ijayo beba mfuko mzima. Usimwambie daktari kwa mdomo anatumia vitamini, hapo atajibu sawa tu na foleni iko nje. Mwage makopo mezani. Na vile vya unga ambavyo jirani alileta, na ile chupa ya mafuta, na majani ya chai ya kusafisha damu, hata kama alikunywa mara mbili akaacha. Andika kwenye karatasi alianza lini kila kimoja. Kama mama anaona aibu kwamba atafokewa, sema ni mimi nilituma, mnisingizie mimi, mbona ni kweli.

Nipigie picha lebo zote za nyuma siyo za mbele, hasa kile kikopo cha kahawia ambacho mimi sikumbuki kukituma, inawezekana kimetoka kwa mtu mwingine.

Kuhusu hela niliyotenga ya boksi la pili nimeituma leo kwenye namba yako, tumia kwa nauli za kliniki. Najua mama anawaambia watu wanaokuja kumwona kwamba hizi ni dawa za mwanangu kanitumia, na anayapanga yale makopo kwa mstari. Akiuliza umeyapeleka wapi usimjibu, mpe simu, nitaongea naye mwenyewe. Jumapili sina zamu, nipo siku nzima.

Mdogo wako