Usiuze kiwanja kwanza

Temeke, Dar es Salaam

Mama Neema mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Ujumbe wako wa sauti, kwamba unataka kuuza kiwanja umtibu Neema, nimeusikia, na ile video ya tiba ya siko seli nimeiangalia mpaka mwisho. Tiba ipo kweli, si uzushi. Ila usiuze kiwanja kwanza.

Inaitwa Casgevy. Uingereza waliiidhinisha Novemba 2023, Marekani wakafuata Desemba mwaka huohuo. Unajua mtoto akiwa tumboni ana himoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu, ya aina yake, isiyopinda chembe za damu kuwa mundu. Akishazaliwa, mwili unaizima taratibu, ndiyo maana Neema hakuanza kuumwa tangu siku ya kwanza. Wanachofanya wataalamu ni kukata mahali padogo kwenye jeni panapoizima, ile ya tumboni irudi kazini.

Shughuli yenyewe sasa. Seli shina, zile zinazotengeneza damu, zinavunwa kwenye mshipa kwa mashine, siku kadhaa, na zisipotosha unarudi tena. Zinapelekwa maabara, zinakaa huko miezi. Zikiwa tayari, mgonjwa anapewa dawa kali ya kemo ifute uboho wake wa zamani: nywele zinatoka, kinywa kinajaa vidonda, kinga inashuka, na uwezo wa kuzaa unaweza kwenda na maji. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za kwetu. Kiwanja cha Nyakato hakigusi hata pembeni. Tena ilipoidhinishwa ilikuwa ya wenye miaka 12 na kuendelea. Neema ndiyo kwanza ana 8.

Kinachonigusa zaidi mimi, mtu wa dawa, ni namna ilivyopata kibali. Marekani walitathmini wagonjwa 31. 29 kati yao walikaa angalau mwaka mzima bila kushikwa na maumivu makali. Matokeo mazuri mno, lakini watu 31 wanaenea kwenye daladala moja. Kwa hiyo waliotibiwa wanafuatiliwa miaka 15, maana jeni ikishakatwa imekatwa, na madhara mengine huchelewa kujitokeza. Lyfgenia, tiba nyingine ya jeni ya siko seli iliyoidhinishwa Marekani siku moja nayo, ina onyo la saratani ya damu kwenye maelezo yake rasmi.

Na kibali si cha milele. Kulikuwa na sindano ya kingamwili ya siko seli, Adakveo. Marekani waliipitisha 2019, Ulaya 2020 kwa masharti kwamba utafiti uendelee. Utafiti ulipotoa majibu, waliochomwa sindano hiyo hawakuwazidi waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ulaya wakafuta kibali 2023. Marekani wakaiacha sokoni. Mimi niko na Ulaya. Mzazi asitozwe hela nyingi kwa matumaini tu.

Huyo bwana anayesambaza video huku akiuza unga wa "seli shina", muulize namba ya usajili ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Akisema ni tiba ya majaribio, akuonyeshe kibali cha TMDA na cha maadili kutoka NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, na ujue majaribio halali hayamtozi mgonjwa hela ya dawa inayojaribiwa. TMDA yetu ndiyo ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora wa usimamizi wa dawa ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Tuitumie basi.

Neema tayari anameza haidroksiyurea, na naona unaidharau kwa kuwa ni ya zamani. Nayo inaamsha himoglobini ileile ya tumboni, bila kukata chochote. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, hata vifo. Shida yake ni dozi. Inakwenda kwa uzito, na watoto wetu wengi wanakua huku kidonge kikibaki kilekile cha mwaka juzi, kwa kuwa hakuna aliyewapima tena.

Nitumie picha ya majibu ya mwisho ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, na uzito wake wa sasa, nimwonyeshe daktari wa kliniki yetu Alhamisi. Na usimwachishe dawa kwa ajili ya huo unga.

Wako,
Mama Jabu