Hoteli ya Mgiriki ilikuwa ya Tabora

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kufungwa kwa hoteli ndogo ya chakula iliyokuwa jirani na stesheni ya reli hapa Tabora, ambayo wenyeji tuliizoea kwa jina la "kwa Mgiriki" ingawa maandishi ya kibao chake yalikwisha kufutika tangu nikiwa msichana. Ilifungwa mwezi uliopita, na nisingekusumbua kwa habari ya hoteli moja kama si kijana mmoja, tena niliyemfundisha mwenyewe darasa la tano, kuniambia pale kijiweni wanapokunywa kahawa kwamba afadhali imefungwa, kwa kuwa yalikuwa mabaki ya kikoloni na chakula chake hakikuwa cha kwetu. Sikumjibu siku ile, maana nilikuwa nimebeba kapu la mboga na jua lilikuwa kali. Namjibu leo.

Ni kweli kwamba aliyeianzisha alikuwa Mgiriki. Lakini Wagiriki hawakuja nchini mwetu kama watawala. Walikuja kutafuta riziki, na baadhi yao, enzi za Mjerumani, walichukua kandarasi ndogondogo katika ujenzi wa Reli ya Kati, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wengine wakaingia kwenye mashamba ya mkonge, kahawa na tumbaku. Huyu wetu mimi nilimkuta tayari ana mvi, katikati ya miaka ya 1960, baba yangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli alipokuwa akinipeleka pale kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akishapokea mshahara. Alitusalimu "mwangaluka" hata jua likiwa linazama, na baba, ambaye hakupenda kumwaibisha mtu mzima, aliitikia kana kwamba kweli ni asubuhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Wagiriki wengi walipokuwa wakiondoka nchini baada ya Azimio la Arusha na mashamba ya mkonge kutaifishwa, naye aliaga. Jiko alimwachia mpishi wake, Mnyamwezi kutoka upande wa Sikonge, na haikupita miaka mingi huyo mpishi naye akawa anaitwa Mgiriki. Mkewe akawa Mama Mgiriki. Watoto wao waliandikishwa shule kwa majina yao halali, ila uwanjani, mpira ukipigwa, ungesikia tu, "Mpe Mgiriki, mpe Mgiriki!" Kwa hiyo kijana wangu akipiga hesabu ataona kwamba miaka ile ya Mgiriki wa Ugiriki ilikuwa michache, na kwamba zaidi ya nusu karne hoteli hiyo imekuwa mikononi mwa Wanyamwezi, kwanza mzee mwenyewe na baadaye binti yake.

Sasa nije kwenye chakula, maana ndicho kilichotupeleka pale. Supu ya kuku ya hoteli ile haikufanana na supu nyingine yoyote mjini, kwani ilikuwa nzito kidogo, ya rangi ya manjano hafifu, yenye wali laini ndani yake na uchachu wa ndimu, na wasafiri walioteremka treni wakiwa hoi waliinywa kama dawa. Siri yake niliiona kwa macho yangu mwaka mmoja nilipoomba kuingia jikoni. Mzee alipiga mayai matatu kwenye bakuli pamoja na maji ya ndimu mpaka yakatoa povu, kisha akaanza kuyamiminia mchuzi wa moto upawa mmoja mmoja, huku mkono wa pili ukikoroga bila kupumzika, ili mayai yazoee joto kidogo kidogo kabla ya kurudishwa kwenye sufuria ambayo ilikwisha kuepuliwa. Aliponipa mwiko nijaribu, nilikoroga kwa pupa, mayai yakakatika, na supu ikajaa vipande vinavyoelea kama vitambaa. "Taratibu, Mwalimu," akaniambia, "hapo hufuti ubao."

Mousaka yake ndiyo iliyojulikana zaidi. Mabiringani yalikatwa mapana, yakatiwa chumvi na kugandamizwa kwa jiwe ili yatoe maji yake machungu, yakakaangwa kwa mafuta ya karanga kwa sababu mafuta ya zeituni hayakupatikana, kisha yakapangwa kwenye trei kwa zamu na nyama ya kusaga iliyoungwa kwa nyanya, kitunguu na mdalasini. Juu lilikuja rojo zito la maziwa, siagi na unga wa ngano. Oveni ya zamani ilipoharibika, mzee alioka kwa mkaa juu na chini, kama tunavyooka mkate wa kumimina, na mimi nathubutu kusema kwamba ule moshi kidogo uliongeza kitu. Nyama ilitoka kwa mchinjaji Mwislamu tangu siku za mwanzo kabisa, jambo ambalo Mgiriki wa kwanza alilielewa haraka, kwani katika mji kama Tabora asingeuza hata sahani moja vinginevyo. Tena hilo rojo jeupe Wagiriki wenyewe wamelipata ukubwani: mpishi wao mashuhuri, Nikolaos Tselementes, ndiye anayetajwa kulieneza mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa ameliiga kwa Wafaransa. Kama wao waliruhusiwa kuazima kwa Wafaransa, sioni kosa la Mnyamwezi kuazima kwao.

Palikuwa pia na majani machanga ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali na nyama, na hapo ndipo reli ilipoonyesha thamani yake, kwa sababu majani hayo yalitoka Dodoma kwenye mashamba ya zabibu, yakaletwa na wahudumu wa treni ndani ya makopo ya chumvi. Treni ikichelewa, au mhudumu akisahau, mzee alitumia kabichi, na wateja hatukulalamika sana.

Jambo ambalo kijana wangu angepaswa kulijua kabla ya kutoa hukumu ni habari ya kaimati. Wagiriki wana kitafunio chao cha unga uliochachushwa, kinachochotwa na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto kikaumuka mviringo, kisha kikamiminiwa asali. Wanakiita lukumades. Mwanamke yeyote wa Gongoni au Ng'ambo akikiona atasema hizo ni kaimati, na hatakosea, kwani majina yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu lenye maana ya tonge. Akina mama wa mtaani walikuwa wakimtania mzee kwamba amewaibia mapishi yao, naye akajibu kwamba yeye ameyapata kwa njia ya Ulaya na wao kwa njia ya Pwani, hivyo wakutane katikati. Zake alizimiminia asali ya misitu ya miombo ya huku kwetu, ile nyeusi yenye harufu ya moshi, badala ya kuzikaangia sukari, na mwezi wa Ramadhani foleni ya kuzinunua kwa ajili ya futari ilifika hadi kwenye mwembe. Je, hicho ni chakula cha kigeni?

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, unga, sukari na mafuta vilipoadimika na hoteli nyingi zikafunga, hii haikufunga. Rojo jeupe likaondolewa, mahali pake pakatandazwa viazi vitamu vilivyopondwa. Chai ililetwa na asali kwenye kisahani, pamoja na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniposa mbele ya sahani ya namna hiyo, na mpaka anafariki alishikilia kwamba mousaka ya viazi vitamu ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Hapo mimi na yeye hatukuwahi kukubaliana.

Kuhusu sababu za kufungwa, sina wa kumlaumu. Hoteli ile iliishi kwa treni. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora hukatwa, mabehewa ya Kigoma yakaenda kwao na ya Mwanza kwao, na wakati huo wote abiria huwa na saa kadhaa za kungoja na tumbo tupu. Barabara za lami zilipokuja, kutoka Nzega na kutoka Manyoni kupitia Itigi, wasafiri wengi walihamia kwenye mabasi, ambayo hayasimami karibu na stesheni. Kodi ya pango ilipanda. Magoti ya binti wa mzee, ambaye sasa naye ana wajukuu, yalikataa kusimama jikoni kutwa nzima, na wanawe wana kazi zao Mwanza na Dar es Salaam. Siku ya mwisho nilimkuta amekaa peke yake kwenye meza ya dirishani, anasugua kwa majivu trei ile kubwa iliyobonyea pembeni, ingawa hapakuwa na cha kuoka tena. "Dada Mwalimu," akasema, "nikiigawa ikiwa chafu, watasema nini juu ya baba?"

Mwenye kustahili lawama ni mimi. Nimefundisha sayansikimu miaka mingi katika shule za msingi za mji huu, na kwenye ubao nimeandika vipimo vya skonzi na pudingi za Kiingereza mara zisizohesabika. Huyo kijana anayechukia mabaki ya kikoloni amekula skonzi zangu na kuomba nyingine. Wakati huohuo, umbali wa dakika kumi kwa miguu, palikuwa na mzee aliyeyafanya mapishi ya watu wa mbali yakubaliane na karanga, asali na viazi vya Unyamwezi, nami sikuandika hata mstari mmoja.

Nimeanza sasa, nikiwa nimechelewa. Kila Jumamosi alasiri huenda nyumbani kwa binti wa mzee, mtaani Isevya, na kaunta buku, yeye akaeleza nami nikaandika. Yeye hupima kwa jicho na kwa kiganja, hivyo tunalazimika kumwaga unga kwenye kikombe tena na tena mpaka akubali. Supu tumeimaliza, kaimati tumezimaliza. Tumekwama kwenye nyama ya mousaka, kwa sababu anasema baba yake alikuwa akitia kitu cha mwisho ndani yake muda mfupi kabla ya kuepua, na kila mara, wakati huo ukifika, yeye alikuwa ametumwa nje kuchukua mkaa. Si mdalasini, kwa kuwa huo ulitiwa mapema, wala si pilipili manga.

Nawaomba wote waliowahi kufanya kazi katika jiko lile, wapishi wasaidizi, waosha vyombo na vijana wa kubeba maji, popote walipo sasa, Urambo, Kigoma au Mpanda, watuandikie kupitia gazeti hili. Aliyekuwa amesimama karibu na sufuria saa hiyo, tafadhali aseme alichokiona.

Mwalimu mstaafu,
Tabora