Jumamosi msimtazame Robben, mtazameni Schweinsteiger

Mwanza, Mei 21, 2013

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tupingane na uchambuzi wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya uliotoka katika gazeti lako wiki hii. Mchambuzi wenu anasema Bayern Munich na Borussia Dortmund wanakutana Wembley kama nguvu na mbio: Bayern wana miili, Dortmund wana mapafu. Maneno matamu, lakini atakayekaa mbele ya televisheni na fikra hiyo atatoka kapa. Timu hizi zote zinacheza 4-2-3-1 (mabeki wanne, viungo wakabaji wawili, watatu mbele yao na mshambuliaji mmoja), zote zinakaba kuanzia juu, na msimu huu zimeshakutana mara nne. Kinachozitenganisha ni kidogo, tena mara nyingi hakimo kwenye picha kwa sababu kamera inafuata mpira.

Kwanza hesabu, maana ndipo mchambuzi wenu alipoteleza. Kweli, Dortmund waliwahi kuwafunga Bayern mara tano mfululizo, ya mwisho ikiwa ile 5-2 ya fainali ya Kombe la Ujerumani, Mei 12 mwaka jana, mshambuliaji wao Lewandowski akitupia matatu. Hayo ni ya misimu iliyopita. Msimu huu ilianza Super Cup ya Ujerumani ya Agosti, Bayern 2-1. Ligi, Desemba 1, sare 1-1. Robo fainali ya Kombe, Februari 27, Bayern 1-0. Ligi tena, Mei 4, sare 1-1. Dortmund hawajashinda hata moja. Hiyo ya Mei 4 nayo isimpoteze mtu, kwani makocha wote wawili walipumzisha watu, ingawa kuna jambo moja la kuliweka akiba: Neuer, kipa wa Bayern, alipangua penalti ya Lewandowski, kisha Rafinha akala kadi nyekundu, na Bayern wakiwa kumi hawakufungwa tena. Ligi wameimaliza na pointi 91, wakiruhusu mabao 18 katika mechi 34. Dortmund ni wa pili kwa pointi 66.

Nini kimebadilika? Bayern wameiba somo la jirani. Klopp, kocha wa Dortmund, alichukua ubingwa wa Ujerumani mara mbili, 2011 na 2012, kwa kukaba pale pale mpira unapopotea, kabla mpinzani hajainua kichwa. Heynckes, kocha wa Bayern, hakutafuta dawa ya kigeni. Alimnunua Javi Martínez kwa euro milioni 40 asimame kando ya kiungo Schweinsteiger, akamweka Mandžukić mbele awe wa kwanza kukaba, na, kubwa kuliko yote, akawafanya mawinga Ribéry na Robben warudi nyuma kusaidia. Mtu aliyewajua wawili hawa miaka mitatu iliyopita angekataa kuamini. Waulizeni Barcelona waliopigwa 7-0 kwa mechi mbili za nusu fainali.

Sasa kukaba kwa Dortmund kwenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani ni kukimbia tu. Wanaondoka kwa ishara. Beki wa kati akipokea mpira huku ameelekea goli lake, wanaondoka. Pasi ikienda kwa beki wa pembeni aliyegandamana na chaki, wanaondoka. Mtu akituliza mpira ukamponyoka hata nusu mita, wanaondoka. Lewandowski hakimbii moja kwa moja, anapinda, ili mwili wake ukae katikati ya mabeki wawili na mwenye mpira asiweze kuurudisha kwa mwenzake. Namba kumi, yule anayecheza nyuma ya mshambuliaji, anamkalia kiungo mkabaji. Winga wa upande ule anamrukia beki wa pembeni. Kiungo Gündoğan anapanda kuziba pasi ya ndani, mwenzake Bender anabaki hatua kumi nyuma yake, na mabeki wanne wanasogea hadi karibu na mstari wa kati. Kutoka Lewandowski hadi beki wa kati Hummels isizidi mita 30. Ikifika 40, pale katikati panakuwa barabara ya lami.

Wasomaji wa huku ziwani wafikirie kokoro, ule wavu mrefu unaovutwa kwa kamba (tunajua limepigwa marufuku, tunaazima mfano tu). Kuna wavutaji wa kamba ya kulia na wa kushoto, na wote lazima waje nchi kavu kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukilegea hatua tatu, wavu unakwenda mshazari na sangara wanatokea hapo hapo palipolegea. Kwa Dortmund, upande unaolegea ni ule ulio mbali na mpira. Winga wa huko akichelewa kuingia ndani, pasi moja ya kuvuka uwanja inamkuta Lahm au Alaba, beki wa pembeni wa Bayern, peke yake, na mbele yake ni nyasi tupu. Wembley ni mita 105 kwa 68. Kuufunika upana wote huo kwa watu wanne hakuwezekani, ndiyo maana Dortmund hawajaribu. Wanaufunga upande wenye mpira na kuuacha mwingine kwa imani kwamba pasi haitafika.

Hapo ndipo Schweinsteiger anapoingia. Mpira ukiwa kwa Neuer, tazameni anakwenda wapi. Mara anashuka katikati ya mabeki wa kati Dante na Boateng, mara anakaa kushoto kwa Dante, pale Alaba alipoondoka kupanda. Sasa nyuma wako watatu, wanaowakaba ni wawili, na mmoja lazima abaki huru. Namba kumi wa Dortmund akimfuata Schweinsteiger, Martínez anapata nafasi mgongoni kwake. Asipomfuata, Schweinsteiger anapokea akiwa anatazama mbele, na yeye akitazama mbele ile pasi ya kuvuka uwanja inafika. Lakini ujanja huu una gharama. Martínez anabaki kiungo pekee mbele ya mabeki waliotanuka, na pasi ya kwanza ikinaswa, Gündoğan anaupata mpira mita 35 kutoka golini huku winga Reus ameshaanza kukimbia. Bao la namna hiyo halihitaji pasi zaidi ya mbili.

Ndiyo maana tunadhani dakika 20 za mwanzo Bayern watateseka, na wakiwa na akili hawataona aibu kubutua. Hata kubutua kuna namna yake. Mandžukić hasimami kwa Hummels wagombanie kichwa, anateleza hadi kwa mabeki wa pembeni, Schmelzer au Piszczek, ambao ni wafupi kwake. Si lazima ashinde kichwa. Inatosha mpira udondoke, na Müller na Martínez wawe ndani ya mita nane wauokote. Mkiona Neuer anapiga mipira mirefu kuelekea pembeni, msiseme kocha amechanganyikiwa.

Upande wa pili, Dortmund wakiwa na mpira, njia yao ya kutokea ni Hummels. Ni beki, lakini pasi zake ndefu ni za namba kumi. Bayern wanalijua hilo, kwa hiyo Mandžukić humkalia yeye na kumwachia Subotić, beki mwenzake, mpira kwa makusudi: chukua, cheza wewe. Subotić ni mkabaji mzuri, ila si mtu wa kuanzisha mashambulizi. Isitoshe Hummels aliumia kifundo cha mguu Jumamosi dhidi ya Hoffenheim, na hata asipoumia anapenda kujiamini kupita kiasi. Bao pekee la Real Madrid katika ile 4-1 waliyofungwa na Dortmund nusu fainali lilianzia kwenye pasi yake fupi ya kumrudishia kipa.

Halafu Götze, namba kumi wa Dortmund. Alitoka dakika ya 14 kule Madrid Aprili 30 akishika paja, na hata daktari akimruhusu, msuli wa paja hauponi kwa wiki tatu na nusu ukavumilia dakika 90 za kukimbia na kusimama ghafla. (Kwamba ameshauzwa Bayern kwa euro milioni 37 ni jambo la kijiweni, haliingii hapa.) Tunapanga kana kwamba hayupo: Reus anaingia namba kumi, Großkreutz kushoto, Błaszczykowski kulia. Katika kushambulia kwa kushtukiza hawapotezi kitu, kwa sababu Reus anakimbia na mpira vizuri kuliko wengi. Wanachopoteza ni yule mtu wa kupokea pasi katikati ya viungo na mabeki wa Bayern, akageuka kwa mguso mmoja. Kazi hiyo itamwangukia Gündoğan, na Müller atakuwa kwenye visigino vyake usiku kucha. Faida ya Großkreutz ni kwamba atamsaidia Schmelzer kwa Robben. Kila mtu anajua Robben atatoka kulia, aingie ndani na apige kwa kushoto, na bado bao la Februari 27 alilifunga kwa kushoto huko huko. Kumjua hakutoshi, wanahitajika wawili. Na wawili wakimwendea Robben, Lahm anapita nje bila mtu.

Mipira ya kutengwa, yaani kona na faulo, wachambuzi wetu huisahau. Mabao mawili ya kwanza kati ya manne waliyofungwa Barcelona Munich yalikuwa na sura moja: mpira unapelekwa nguzo ya mbali, mtu mrefu anaurudisha kwa kichwa mbele ya goli, mwingine anamalizia. La kwanza Dante alirudisha, Müller akafunga. La pili Müller alirudisha, Gomez akafunga. Beki anayetazama mpira ukienda nguzo ya mbali anampoteza mtu aliye nyuma ya bega lake. Dawa ni kumweka mkabaji mmoja mita tano mbele ya goli asiyemkaba mtu, anayesubiri ule mpira wa kurudi tu.

Mechi itageuka kati ya dakika ya 60 na ya 75. Kukaba kwa namna hii kunakula miguu, na umbali wa Lewandowski na Hummels utaanza kutanuka taratibu, 30, 35, 40. Heynckes ana Gomez, Luiz Gustavo na Shaqiri kwenye benchi. Klopp ana Şahin, Kehl na Schieber. Tunawaheshimu, ila hakuna kati yao wa kuwasha moto uliozimika. Kama Dortmund hawatakuwa wamefunga mapema, watakuwa wanavuta kokoro kwa mikono iliyochoka.

Kwa walimu wenzetu wa timu za vijana, hili linaweza kufanyiwa kazi hata kwenye kiwanja cha changarawe. Pima mita 25 kwa 20, weka watano kwa watano na wawili wa huru wanaosaidia timu yenye mpira. Timu ikipoteza, ina sekunde tano za kuurudisha, na mwalimu ahesabu kwa sauti. Wakiurudisha ndani ya hizo tano, wanapewa mabao mawili. Wasipoweza, wote warudi nyuma ya mstari wa kati wajipange upya, asibaki mtu anarandaranda. Dakika tatu kazi, dakika mbili mapumziko, mizunguko minne basi. Ukizidisha, watoto waliochoka watajifunza kuchelewa, na kuchelewa kukishaingia mwilini kutoka ni kazi. Makosa mtakayoyaona ni yale yale kila mahali: aliyepoteza mpira anasimama mikono kiunoni akilalamikia pasi, mmoja anakwenda kukaba wanne wakimwangalia, na wote wanakimbia moja kwa moja badala ya kupinda kuziba pasi ya ndani. Anzeni kurekebisha hilo la kwanza. Aliyepoteza ndiye aliye karibu zaidi.

Ombi letu kwa watazamaji wa Igoma, Mabatini na Kirumba ni dogo. Mpira unaanza saa 3:45 usiku. Vibanda umiza vyetu vina tabia ya kujaa dakika ya 20, watu wakiwa bado wanasukumana kwenye mabenchi na kudai chenji, na safari hii hizo dakika 20 ndizo zenye utamu. Fikeni mapema, kaeni mnapoona upana wa skrini, na kila Neuer anapoushika mpira mtafuteni aliyevaa namba 31 mgongoni.

Sisi tunaona Bayern kwa tofauti ya bao moja, na si mapema. Mmoja wetu anakataa, anasema sare hadi dakika 120, na amekwenda mbali hadi kusema Neuer ataokoa mkwaju mwingine wa Lewandowski. Akiwa sahihi, tutatoka vibandani karibu saa 6 na nusu usiku, kwa hiyo wenye vibanda waweke petroli ya kutosha kwenye jenereta.

Walimu wa soka la vijana,
Igoma na Nyakato,
Mwanza.