Vitufe vya mguso vinavyowaka: hewa ikae wapi?

Kitufe cha mguso hakibonyei. Chini ya uso wa kifaa kuna kipande cha shaba, na chipu hupima kapasitansi yake, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, mara nyingi kwa sekunde. Kidole kikikaribia, kapasitansi hupanda kidogo, mara nyingi kwa chini ya pikofaradi 1, juu ya zile 5 hadi 20 ambazo shaba, bodi na nyaya zake zilikuwa nazo tangu mwanzo. Kitufe kizima kinategemea tofauti hiyo ndogo, na taa unayotaka kuiweka nyuma ya alama inaweza kuivuruga kwa njia zaidi ya moja.

Wateja wengi hutuletea mchoro wa uso wa kifaa cha mkononi: alama nne au tano, rangi waliyoipenda, na swali kwamba taa zikae wapi. Sisi huanza na swali jingine: hewa itakaa wapi? Sensa ya mguso, yaani kile kipande cha shaba, haitaki hewa kati yake na kidole. Bamba la kusambaza mwanga, kinyume chake, halifanyi kazi bila hewa pande zake mbili. Ukipanga tabaka za kifaa bila kuamua jambo hili mapema, utapata vitufe vinavyowaka vizuri lakini havisikii, au vinavyosikia vizuri huku kimoja kikimeremeta na cha mwisho kikiwa giza.

Upande wa mguso

Uga wa umeme hupita kwa urahisi tofauti katika vitu tofauti. Hewa hupewa namba 1, plastiki za ABS na polikaboneti hukaribia 3, kioo huwa kati ya 6 na 8. Kwa hesabu ya haraka, gawanya unene wa kila tabaka kwa namba yake, kisha jumlisha. Pengo la hewa la milimita 0.5 linaidhoofisha ishara sawasawa na plastiki ya milimita 1.5. Kama uso wa kifaa chako nao una unene wa milimita 1.5, pengo hilo moja tu limeshapunguza ishara kwa takriban nusu.

Ubaya zaidi ni kwamba pengo halitulii. Plastiki hupinda kidogo inaposukumwa, pengo hubadilika, na chipu inaona badiliko ambalo halikutokana na kidole. Vifaa viwili vya mkupuo mmoja wa uzalishaji vinaweza kutofautiana kwa sababu skrubu ya kimoja ilikazwa zaidi. Ndiyo maana sensa hubandikwa kwenye uso kwa gundi ya karatasi yenye unene wa milimita 0.05 au 0.13, na viputo vya hewa huondolewa kwa kupitisha rola.

Kipenyo cha shaba kiwe angalau mara nne ya unene wa uso, na kwa kidole cha kawaida hatupendi kushuka chini ya milimita 8. Milimita 10 hadi 12 ndicho kipimo tunachokitumia sana. Kuzidi 15 hakukuongezei ishara, maana kidole hakiwezi kufunika eneo zaidi. Unachoongeza ni kelele, yaani mtikisiko wa kipimo usiotokana na kidole.

Upande wa mwanga

Bamba la mwanga ni karatasi ya akriliki au polikaboneti, pengine yenye unene wa milimita 0.5 tu, inayopokea mwanga wa LED kwenye ukingo wake. Mwanga husafiri ndani kwa kugonga nyuso za bamba na kurudi ndani. Katika akriliki, ambayo kipeo chake cha kupinda mwanga ni 1.49, miale inayogonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 42 kutoka kwenye mstari wima hairuhusiwi kutoka, mradi upande wa pili kuna hewa. Chini ya kila alama huchapwa vidoti vyeupe vinavyoutoa mwanga nje, vichache karibu na LED na vingi kadiri unavyokwenda mbali, ili alama zote zilingane.

Sasa bandika bamba hilo kwa gundi uso mzima ili kuiridhisha sensa. Gundi nyingi zina kipeo kinachokaribiana sana na cha akriliki, kwa hiyo mwanga hauoni mpaka tena. Unatoroka pale pale ulipoanzia. Alama ya kwanza inang'aa, ya tatu inafifia, ya tano haionekani, na hakuna mpangilio wa vidoti utakaookoa hali hiyo.

Mipangilio mitatu

Wa kwanza, na wa bei nafuu, ni kutoboa tundu katikati ya shaba na kuweka LED nyuma ya bodi ikimulika kupitia tundu hilo. Tundu la milimita 3 katika shaba ya milimita 12 linaondoa kama asilimia 6 tu ya eneo, hasara ambayo kidole hakitaihisi. Sensa inabaki imeshikamana na uso. Tatizo ni umbo la mwanga: alama pana kuliko tundu itakuwa na doa kali katikati na kingo hafifu. Kwa nukta au mstari mfupi, mpangilio huu unatosha kabisa. Kumbuka pia kwamba bodi ya fibaglasi hupitisha mwanga mahali pasipo na shaba. Agiza bodi yenye rangi nyeusi, la sivyo mwanga wa kitufe kimoja utachungulia kwenye jirani yake.

Wa pili ni kuipandisha sensa juu ya bamba la mwanga. Sensa inachorwa kwenye utando mwembamba unaobandikwa chini ya uso wa kifaa, bamba linakaa chini yake bila gundi isipokuwa kwenye kingo, na hewa inapata nafasi yake mahali isipomsumbua yeyote, kwa kuwa iko nyuma ya sensa. Utando unaweza kuwa na tabaka angavu linalopitisha umeme, kama oksidi ya indi na bati, ambalo mwanga hupenya. Lakini tabaka hilo hupasuka likikunjwa kwa ukali, na utando wake ni ghali. Kama alama haizidi milimita 7 au 8, tunapendekeza pete ya shaba ya kawaida yenye upana wa milimita 2 hadi 3 kuizunguka alama, na katikati wazi. Kidole kitaifunika pete kwa vyovyote. Kwa vifaa vingi vya mkononi huu ndio mpangilio tunaouanzia, na sababu za kuuacha huwa ni bajeti tu.

Wa tatu ni springi ya chuma inayosimama kwenye bodi na kugusa uso kwa ndani, LED ikiwa katikati ya mizunguko yake. Unafaa pale bodi ilipo mbali na uso au uso wenyewe umejikunja. Katika kifaa cha mkononi nafasi hiyo ni nadra, na kifaa kikianguka springi huweza kusogea.

Taa inapokibonyeza kitufe

Hitilafu inayorudi zaidi kutoka kwa watumiaji ni hii: taa ya kitufe cha pili inazimika, na kitufe cha tatu kinajibonyeza. Au kitufe kinameta bila kukoma, kwa kuwa mguso unawasha taa, taa inabadilisha kipimo, chipu inadhani kidole kimeondoka, taa inazimika, na mzunguko unaanza upya.

Chanzo ni kwamba LED iliyozimwa kwa kukatwa upande mmoja inabaki ikielea. Ikiwa imewaka, waya wake umefungwa kwenye volti inayojulikana. Ikizimwa haumo popote, na shaba ya jirani inaona mazingira tofauti. Dawa ni kapasita ya nanofaradi 1 hadi 10 sambamba na kila LED, karibu nayo kabisa. Njia za LED zisitembee sambamba na njia za sensa. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba katika tabaka tofauti za bodi. Kama mwangaza unapunguzwa kwa kuiwasha na kuizima LED haraka haraka, programu isubiri kipindi cha utulivu ndipo ipime. Kupandisha kizingiti cha mguso (kiasi ambacho kipimo kinapaswa kupanda ndipo chipu ikubali kuwa ni kidole) ili kuificha hitilafu hii ni kuihamisha tu: kitufe kitaacha kujibonyeza, kisha kitaanza kupuuza vidole vikavu.

Betri

LED nyeupe inahitaji takriban volti 3. Betri ya lithiamu huanza na 4.2 na kushuka. Rezista ya omu 400 inakupa miliampia 3 betri ikiwa imejaa; betri ikifika volti 3.5 zinabaki kama 1.25, chini ya nusu. Mtumiaji ataona vitufe vikififia siku nzima. Chagua chipu inayotoa mkondo usiobadilika, na kama betri itatumika hadi karibu na volti 3, iwe inayoweza pia kupandisha volti. Au tumia LED nyekundu inayohitaji volti 2 hivi, ambayo kwa ushukaji ule ule hubaki na miliampia 2 kati ya 3.

Vitufe 5 vya miliampia 3 kila kimoja ni miliampia 15. Betri ya miliampia-saa 1,000 ingeisha kwa saa 66 hivi kwa ajili ya taa peke yake, ilhali chipu ya mguso iliyosinzia inaweza kutosheka na makumi ya maikroampia. Kwa hiyo taa zizimwe baada ya sekunde 5 hadi 10. Ila kitufe kilichozimika hakionekani, basi amua mapema: mguso wa kwanza uamshe taa tu, au utekeleze amri pia? Kwa kifaa kinachokaa mfukoni, uamshe tu.

Wino na povu

Wino mweusi mara nyingi una kaboni, na rangi za kung'aa kama chuma zina chembe za metali. Vyote viwili vyaweza kupitisha umeme na kuviunganisha vitufe vyako kuwa kimoja. Mwombe mchapaji wino usiopitisha umeme, kwa maandishi. Tabaka la kuzuia mwanga lichapwe mara mbili au tatu, maana mara moja huacha vitundu vidogo vinavyoonekana kama nyota gizani. Alama inayotakiwa kupotea kabisa taa ikizimwa huchapwa juu yake wino wa moshi unaopitisha asilimia 10 hadi 20 tu ya mwanga, hivyo LED itahitaji kutoa mwanga mara 5 hadi 10 zaidi. Povu jeusi la kutenganisha vyumba vya mwanga nalo likaguliwe kwa mita ya omu. Lile la kuzuia umeme tuli hupitisha umeme.

Kabla ya kukubali sampuli

Kifaa cha betri hakijaungwa na ethi, kwa hiyo kipimo chake mezani si sawa na kipimo chake mkononi, na chaja mbovu huongeza kelele inayofanana na mguso. Kipime katika hali zote tatu, na katika ile mbaya zaidi ishara ya kidole iwe angalau mara 5 ya kelele. Kipime na matone ya maji juu, kisha kikavu baada ya kufutwa. Cheche za umeme tuli za kilovolti 8 kwa kugusa na 15 kupitia hewa, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha majaribio IEC 61000-4-2, zielekezwe kwenye kingo za uso, maana hapo ndipo zinapopenyeza.

Ukitutumia kazi, tunahitaji unene na aina ya plastiki au kioo cha uso, ukubwa halisi wa kila alama, nafasi kati ya uso na bodi, aina ya betri, na kama mtumiaji atavaa glavu. Picha ya rangi ya taa kutoka kwenye skrini haitusaidii. Tuma LED uliyoipenda au namba yake ya kundi la rangi, kwa kuwa LED nyeupe za modeli moja huuzwa katika makundi yanayotofautiana, na mbili za makundi tofauti zikikaa jirani, kila mtu ataiona tofauti.