Tamthilia za shule zionyeshe shule tunazozijua

Mhariri,

Nimesoma maoni ya watazamaji kuhusu tamthilia za shule katika runinga zetu, nami naungana na wanaolalamika kuwa visa vyake vimejaa mapenzi tu. Tahidi High, tamthilia ya shule ya runinga ya Citizen hapa Kenya, ilitugusa wengi kwa kuwa tulimwona humo mwalimu wetu na hata mtoro wa darasa letu.

Nimefundisha shule ya bweni miaka mingi. Kinachoumiza zaidi huko si mahaba. Ni mvulana wa kidato cha tatu anayefunga sanduku lake saa nne asubuhi, somo la hisabati likiendelea, kwa sababu ametumwa nyumbani kuleta karo. Wenzake huinamia madaftari wasimtazame. Kisa hicho pekee kinatosha vipindi kumi! Tena, walimu wa kwenye runinga hucharaza viboko bila kuulizwa, ilhali viboko vilipigwa marufuku shuleni nchini Kenya mwaka 2001.

Waandishi wa tamthilia hizi wakae shuleni japo juma moja kabla ya kuandika, wale githeri na wanafunzi na kuwasikiliza. Miswada nayo isomwe na walimu kabla ya kurekodiwa.

Mwalimu mstaafu,
Machakos