Usizidishe dawa, safisha birika kwanza

Wateja wetu wa hapa Amu (Lamu), sikuhizi kila anaepita dukani swali ni moja, ati klorini, hii dawa ya maji, inaleta kansa, niwache kuitia kwenye birika la kuwekea maji? Msiwache jamani. Kipindupindu kinaweza kummaliza mtu kwa siku moja, hii nyingine ni habari ya kunywa miaka na miaka.

Lakini si uzushi. Klorini ikikutana na majani yaliooza, tope la chini ya birika na ule utelezi wa kijani, inazaa kemikali nne zinazohofiwa kuleta kansa, zinaitwa trihalomethani, klorofomu ikiwa mojawapo. Mholanzi Johannes Rook aliziona kwenye maji ya Rotterdam akaandika 1974, na Marekani sa hivi hawataki zizidi mikrogramu 80 kwa lita, zote nne pamoja.

Sasa sisi wa pwani tuna letu. Kisima kikianza kuingia maji ya bahari kinakuja na bromidi, ile iliyomo kwenye maji ya bahari, afu ukitia klorini unapata bromofomu, nayo ni trihalomethani, na ndugu zake, na WHO imeibana bromofomu zaidi, mikrogramu 100 kwa lita wakati klorofomu ni 300. Kwa hivyo mwenye kisima kilichogeuka chumvi asikilize sana hapa.

Tunachokiona majumbani ni hiki: mtu katia jiki (klorini ya dukani) leo, kesho hasikii harufu, anaongeza, keshokutwa tena. Dawa imeliwa na uchafu! Na huko kuliwa ndo kunakozaa hizo kemikali.

Sisi tunamwaga, tunasugua, tunatoa tope lote, tunaweka wavu kwenye mlizamu unaoleta maji ya mvua, ndo tunatia klorini kidogo, tunangoja nusu saa tunapima, ikibaki miligramu 0.5 kwa lita basi imetosha. Anaetaka zaidi tunamfungia filta ya kaboni, kwenye mfereji wa jikoni tu, si kabla ya tangi, manake kaboni inatoa na klorini yenyewe maji yakabaki bila ulinzi. Na ibadilishwe kwa wakati, filta kuukuu ni nyumba ya vijidudu. Chumvi haitoi lakini, hiyo ni mashine nyingine na bei yake si mchezo.

Shela na Matondoni tunafika pia. Ila tuiteni kabla ya masika, birika likiwa chini, manake likishajaa maji ya mvua hakuna mtu Amu atakaekubali tuyamwage.